Kuondoka kwa kasi na gari la gia za mkono linalovuta magurudumu manne: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Mengi ya maswali haya nimeulizwa nikiwa nimesimama kando ya gari langu, Subaru Impreza ya gia tano yenye turbo (pampu inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa zaidi ndani yake), iliyotoka Japani kwa meli hadi Dar es Salaam, ikapita Tunduma, ikakatiza Zambia na kuingia kwetu kwa Kasumbalesa. Wanaouliza ni vijana wenye magari ya namna hiyo hiyo: Impreza, Forester ya turbo, Lancer Evolution, Legacy, na wengine wenye RAV4 au X-Trail ya gia za mkono. Nitasema klachi, ingawa kwenye gereji zetu utasikia ambreyaje, na nitasema tairi, ingawa hapa ni pine. Kabla hujaendelea, shika neno hili: sekunde ya kwanza ya gari la namna hii iko kwenye mguu wako wa kushoto. Mguu wa kulia unapiga kelele tu.

Gari linalovuta kwa magurudumu manne linashika barabara vizuri. Kwa nini basi ni gumu kuondoka nalo kwa kasi?

Ni gumu kwa sababu hiyo hiyo ya kushika. Chukua gari linalovuta kwa magurudumu mawili. Ukikanyaga mafuta kupita kiasi, magurudumu yanazunguka bure, unasikia mlio, moshi unatoka, na nguvu ya ziada inaishia kwenye lami. Umepoteza muda na mpira, lakini hakuna chuma kilichovunjika. Mpira umefanya kazi ya fyuzi.

Magurudumu manne yenye tairi nzuri juu ya lami kavu hayakubali kuzunguka bure. Uzito wote wa gari uko juu ya magurudumu yanayovuta, kwa hiyo nguvu ya ziada inarudi nyuma kutafuta mahali pengine pa kutokea. Inapita kwenye ekseli, kwenye propela (mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma), kwenye difu (gia zinazogawa nguvu na kuruhusu magurudumu yapishane mwendo), kwenye meno ya gia, mpaka ikutane na klachi. Kati ya vyote hivyo, kilichotengenezwa ili kiweze kuteleza ni klachi peke yake. Ukiinyima nafasi ya kuteleza kidogo, kitu kingine kitaachia. Ukiiacha iteleze mno, itaungua. Kuondoka vizuri ni kujua kiasi kilicho katikati ya hayo mawili.

Nipe basi hatua zenyewe.

Anza na kiti. Ukikanyaga klachi mpaka mwisho, goti libaki limekunjika kidogo na kisigino kiguse sakafu. Mtu aliyekaa mbali huisukuma klachi kwa ncha ya vidole, na vidole peke yake haviwezi kushika mahali pamoja bila kutetemeka. Vua kandambili. Viatu vyenye soli nyembamba ni bora kuliko mabuti ya kazini.

Injini iwe na joto lake la kawaida, na gia pia. Mshale wa maji hupanda mapema kuliko oili ya gia inavyopata moto, kwa hiyo tembea kawaida dakika 15 au 20 kwanza. Asubuhi ya mwezi wa saba, wakati baridi ya Lubumbashi inatulazimisha kuvaa makoti, oili ya gia huwa nzito na gia ya pili inakataa kuingia. Usiilazimishe.

Kisha tafuta pale klachi inaposhika. Fanya hivi mara 10 kabla hujajaribu kasi yoyote: gia ya kwanza, gari tambarare, usikanyage mafuta kabisa, inua mguu taratibu mpaka pua ya gari itikisike na mzunguko wa injini ushuke kidogo. Simama hapo hapo. Rudisha mguu. Inua tena. Mguu ukishajua sehemu hiyo bila kufikiri, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa kuondoka kwenyewe. Kanyaga klachi mpaka chini, weka gia ya kwanza, pandisha mzunguko wa injini hadi 3,500 au 4,000 kwa dakika na uushike pale, usiupandishe na kuushusha. Inua klachi haraka hadi karibu na mahali pa kushika, na kuanzia hapo uipunguzie kasi. Utasikia gari linajikaza nyuma na pua inainuka. Mguu wa kushoto utulie hapo hapo, karibu sekunde moja, huku mguu wa kulia ukiongeza mafuta ili mshale usianguke. Mwendo wa gari ukifikia mzunguko wa injini, klachi haitelezi tena; hilo utalijua kwa sababu mshale utaacha kusita na kuanza kupanda pamoja na mwendo. Hapo ondoa mguu wa kushoto wote, na mafuta mpaka mwisho.

Watazame vijana wawili wanaopokezana gunia la makala, yaani mkaa, kwenye lori. Wa juu halipokei kwa kulidaka, na wa chini haachi mpaka ahisi uzito umehamia kwa mwenzake. Miguu yako miwili ifanye hivyo hivyo.

Mizunguko mingapi hasa? Rafiki yangu anasema 6,000.

Hakuna namba moja kwa magari yote, na anayekupa namba bila kuuliza una tairi gani na turbo gani anakubahatishia. Nianze na ya chini. Kwa mara za kwanza, 2,500 hadi 3,000 inatosha kujifunza mguu. Kwa gari la lita 2 lenye turbo ya kiwandani kwenye lami kavu, 3,500 hadi 4,500 ndipo watu wengi wanapofanya kazi yao nzuri. Kwa gari lisilo na turbo unaweza kuhitaji kupanda zaidi kidogo, kwa sababu halina msukumo unaokuja baadaye kukuokoa. Kwa dizeli shuka: nguvu yake iko chini, na 2,000 hadi 2,500 inatosha.

Namba ya 6,000 ipo, inatumiwa na watu wenye klachi ya mashindano, gia zilizoimarishwa, na fundi anayewangoja na vipuri. Panda kwa hatua za 300 au 400, ukipima kila mara. Siku utakapoona kupanda hakupunguzi tena muda, rudi hatua moja nyuma na ubaki hapo.

Kwa nini nisiiachie klachi ghafla? Kwenye video wanafanya hivyo na gari linaruka.

Linaruka kweli. Injini inayozunguka 5,000 ina flaiwili, sahani nzito ya chuma inayobanwa na klachi na kuzunguka pamoja nayo, na flaiwili hiyo imehifadhi nguvu. Ukiachia klachi ghafla, nguvu yote inamwagwa kwa mara moja ndani ya gia, juu ya ile inayotolewa na injini yenyewe. Pigo hilo ni kubwa kuliko lolote ambalo injini peke yake ingeweza kutoa. Kwenye gari la magurudumu mawili, tairi zingelipunguza. Kwenye la manne linafika mzima mzima kwenye meno ya gia.

Gia za kasi tano za Impreza za turbo, za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, zinajulikana dunia nzima kwa kuvunja meno zikitendewa hivyo. Gia ya kasi sita iliyokuja na STI (Impreza yenye nguvu zaidi) ya kizazi cha pili ni imara zaidi sana, na wenye nayo hulala usingizi. Usiniambie kwamba Impreza ilishinda Safari Rally. Ilishinda, Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, lakini gia zao zilikuwa za mashindano, na nyuma yao kulikuwa na timu nzima ya mafundi wa kuzibadilisha.

Mimi niliachia ghafla mara moja nikiwa na haraka ya kumwonyesha mdogo wangu. Gari liliruka, likatoa mlio mmoja mkavu chini ya miguu yangu, kama mtu aliyevunja kuni, na baada ya hapo gia ya tatu ikawa inalia kila inapoingia. Fundi alipomwaga oili tukaona vipande viwili vya jino vimekaa kwenye sumaku ya kifuniko, vinang'aa, kila kimoja si kikubwa kuliko punje ya muhindi. Nilikaa miezi minne bila gari nikingoja giaboksi nyingine ifike.

Na kuiteleza klachi je? Si ndiyo kuiunguza?

Inaungua kidogo kila mara, ndiyo. Swali ni kiasi gani, na hapa hesabu inasaidia kuliko maneno.

Gari la kilo 1,400 likiondoka huku umeshika injini kwenye 4,500, klachi itaacha kuteleza gari likiwa karibu kilomita 36 kwa saa, kutegemea gia ya kwanza. Nguvu ya mwendo ya gari hilo kwa kasi hiyo ni kilojuli 70. Ukishikilia mzunguko pale pale wakati wote wa kuteleza, joto linaloingia kwenye klachi ni sawa na hiyo nguvu: kilojuli 70 nyingine. Kiasi hicho kinatosha kuchemsha glasi ya maji, kutoka ubaridi wa kawaida hadi mapovu. Sasa fikiria glasi hiyo inachemshwa kwa sekunde moja tu, juu ya bamba la duara lenye upana wa sentimita 23 hivi, ndani ya kibanda cha chuma kisicho na upepo.

Mara moja, klachi nzima inavumilia. Joto linasambaa kwenye flaiwili na linapoa. Mara tano mfululizo bila kupumzika, joto halina pa kwenda. Uso wa klachi unakuwa kama kioo, unaanza kuteleza hata pale usipotaka, na inakuja harufu ambayo ukishaisikia mara moja huisahau: kali, kama nywele na karatasi zimeungua pamoja. Ukiisikia, siku hiyo imekwisha. Endesha polepole, gia za juu, upepo upite chini, na usisimame kwenye kilima ukiwa umeshikilia gari kwa klachi.

Utaona pia kwamba ukipunguza mzunguko wa kuondokea, joto linapungua kwa haraka kuliko mzunguko wenyewe, kwa sababu nguvu ya mwendo inafuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe. Kutoka 4,500 hadi 3,500 ni kupunguza karibu robo ya mzunguko, lakini joto linapungua karibu asilimia 40. Ndiyo maana nawaambia vijana waanzie chini.

Naondoka, kisha gari linadidimia kama limekosa pumzi, halafu linashtuka. Tatizo nini?

Umeachia klachi yote kabla gari halijapata mwendo. Injini imeburutwa chini hadi 2,000 au chini ya hapo, turbo imekosa moshi wa kuizungusha, na unangoja ianze tena kujaza hewa. Wengi wakiona hivyo wanapandisha mizunguko ya kuanzia. Dawa iko mguuni: shikilia mahali pa kushika nusu sekunde zaidi.

Kudidimia kuna ubaya mwingine. Magari mengi ya turbo kutoka Japani, hasa STI na Evolution, yalipangwa kwa petroli ya oktani 100 (oktani hupima petroli inavyostahimili bila kugonga). Esansi yetu haifiki huko. Ukiikandamiza injini kwa mafuta yote ikiwa na mzunguko mdogo, inaanza kugonga kwa ndani, mlio kama kokoto kwenye mkebe. Kompyuta ya gari itajaribu kuokoa kwa kuchelewesha cheche, lakini usiitegemee ikufanyie hivyo kila mara. Pistoni zikipasuka hazishonwi.

Je, mwinuko wa Lubumbashi unaathiri?

Unaathiri. Tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, ambako gari lako liliteremshwa kutoka melini. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho. Yenye turbo inaweza kufidia ikishajaza, ila inachelewa zaidi kuanza. Kwa hiyo namba unayosoma kutoka kwa mtu wa pwani iongezee 200 au 300, wala usishangae ukikosa muda alioupata yeye.

Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wako juu zaidi, karibu mita 1,500 kando ya ziwa Kivu, na Bukavu vilima viko kila upande. Huko jambo la kwanza la kujifunza ni kuondoka kwenye mwinuko bila kurudi nyuma, na kasi itafuata.

Kwenye udongo mwekundu nifanye vile vile?

Hapana. Barabara ya udongo ni mwalimu mzuri na mpole kwa gari, na mimi ningependa kila mtu aanzie huko. Tairi zinapata nafasi ya kuzunguka kidogo, kwa hiyo fyuzi imerudi kwenye magurudumu na klachi inapumua. Ondoka na mzunguko mdogo, 2,500 hadi 3,000, achia klachi haraka kidogo kuliko kwenye lami, kisha uongoze kwa mafuta. Ukisikia injini inapanda ghafla bila gari kusonga, magurudumu yote manne yanachimba: punguza mafuta kidogo, usiondoe yote.

Udongo wa kiangazi, ule wenye vumbi laini juu kama unga, unadanganya. Chini yake ni mgumu. Magurudumu yanazunguka juu ya unga, kisha yanafika kwenye ugumu na kushika kwa ghafla, na pigo linarudi kwenye gia. Ufagie kwa kupita mara mbili tatu kwenye mstari ule ule kabla ya kujaribu.

Wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa 11 hadi wa tatu au wa nne, udongo ule ule unakuwa sabuni. Hakuna mbinu ya mguu inayoshinda tairi zilizolika.

Gari langu ni la aina nyingine. Yote si 4x4?

Hapa ndipo watu wanaharibu magari, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna yanayovuta kwa manne wakati wote, yenye difu ya katikati. Impreza, Legacy na Forester za gia za mkono ziko hapa, pia Evolution, na RAV4 ya kwanza kabisa, ile fupi ya miaka ya 1990. Difu ya katikati inaruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yapishane kwa mwendo. Kila nilichosema hapo juu kinawahusu hawa.

Kuna yanayovuta kwa mbele, na nyuma inaitwa pale ya mbele yanapoteleza. X-Trail ni mfano mzuri. Hapa kuna kuchelewa kidogo: mbele huanza kuzunguka, ndipo nyuma inapoamka. Kitufe cha LOCK kinasaidia kuiamsha mapema kwa mwendo mdogo. Ondoka kwa upole katika nusu mita ya kwanza, kisha ongeza. Chombo kinachounganisha nyuma nacho kina joto lake, na ukikitesa kitajizima ili kijiokoe.

Kuna Land Cruiser za kazi na Hilux zenye mkono wa pili wa gia. Hizi, ukiweka H4 (magurudumu manne, gia za kawaida), mbele na nyuma vinafungwa pamoja bila difu katikati. Kwenye tope na mchanga ni nzuri mno. Kwenye lami kavu, ukikata kona, magurudumu ya mbele yanataka kwenda mbali zaidi kuliko ya nyuma na chuma kinajikunja chenyewe. Utahisi gari linajivuta kama limefungwa kamba. Usifanye mazoezi haya na H4 kwenye lami. Gari la migodini lilitengenezwa kubeba na kuvuta. Liheshimu kwa kazi hiyo.

Usukani wangu uko kulia. Kuna tofauti?

Miguu ni ile ile: klachi kushoto, mafuta kulia. Kinachobadilika ni kwamba gia unabadilisha kwa mkono wa kushoto, na wengi wetu si wa mkono huo. Tatizo linaonekana kwenye kuingiza ya pili: watu huvuta lever kuelekea kwao wakati gia ya pili iko moja kwa moja nyuma. Fanya mazoezi gari likiwa limezimwa, mara 50, jioni, macho yamefumba. Kiganja kiwe wazi, usiikamate kama jembe.

Hendibreki itumike?

Kwenye tambarare, hapana. Mtu anayeshikilia hendibreki huku akitelezesha klachi anachemsha maji bila gari kutembea hata sentimita moja. Kwenye mwinuko itumie kwa muda mfupi, uiachie pale pua inapoinuka. Baadhi ya Subaru zina kifaa kinachoshika breki zenyewe ukikanyaga klachi kwenye mlima. Kikiwa kimekazwa vibaya, kitakuvuta nyuma wakati wa kuondoka. Mwonyeshe fundi, ni kukaza waya tu.

Tairi na upepo?

Upepo ulioandikwa mlangoni, tairi zikiwa baridi. Kushusha kidogo, kama 0.2 bar, kunaweza kusaidia. Zaidi ya hapo tairi inajikunja na kupata joto. Nenda kwa kwado, fundi wa tairi, mwenye geji nzima, na upime mwenyewe tena nyumbani. Jambo kubwa zaidi: tairi zote nne ziwe za aina moja na zimelika sawa. Tairi moja mpya kati ya tatu zilizolika ina mzingo tofauti, na difu ya katikati itafanya kazi bila kupumzika hata ukiwa unaenda sokoni polepole.

Nipimeje kama nimeboresha?

Usipime kwa kelele wala kwa maneno ya waliokaa ndani. Simu yenye GPS inatosha kwa kuanzia, kimya kimya, ikiwa imefungwa vizuri. Watu hupenda sifuri hadi 100, lakini humo kuna kubadili gia, nguvu ya injini, uzito wa abiria. Kinachopima kuondoka peke yake ni futi 60 za kwanza, mita 18.3. Weka alama mbili, mwombe mwenzako arekodi video ya kando, na uhesabu picha za video kati ya alama hizo. Ukipata sekunde 2.3 kwa tairi za kawaida, mguu wako umefundishika. Sekunde 2 kamili zinadai tairi zishike karibu kama uzito wote wa gari, na hapo umefika kwenye mpaka wa mpira wenyewe. Mafuta zaidi hayatakuongezea kitu.

Pima ukienda na ukirudi. Barabara nyingi zinazoonekana tambarare zina mteremko.

Naweza kufanya mara ngapi kwa siku?

Kwa klachi ya kiwandani, mara tatu au nne, kila moja ikitenganishwa na dakika 10 za kuendesha kawaida. Kuendesha, narudia. Gari lililosimama na injini inanguruma halipoi kule chini. Na klachi mpya isiguswe kwa mazoezi haya mpaka itembee kilomita 800 hivi za mjini, iketi vizuri kwenye flaiwili.

Nitajuaje klachi yangu imechoka?

Weka gia ya nne ukiwa na mzunguko 2,000, barabara iwe wazi, kisha kanyaga mafuta yote. Mshale wa mzunguko ukipanda haraka kuliko wa mwendo, klachi inateleza. Dalili nyingine ni mahali pa kushika kupanda juu karibu na mwisho wa pedali. Fundi wangu wa Kenya, mtaa wetu si nchi, husikiliza tu ninavyoingia getini na kusema, "Ambreyaje yako ilishakufa." Hajawahi kukosea.

Ukiibadilisha, badilisha seti yote: bamba, presha na bearingi, na flaiwili ichongwe. Kazi ya kushusha giaboksi ni ile ile. Anayekuambia bearingi ya zamani bado nzuri anakualika urudi.

Oili gani ya gia?

Kwa Subaru nyingi za gia tano, 75W-90 ya GL-5, kama inavyoandikwa kwenye kopo. Kumbuka kwamba difu ya mbele iko ndani ya giaboksi na inatumia oili hiyo hiyo, na ya nyuma ina yake. Ukifanya mazoezi haya, ibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema, na kila mara tazama sumaku ya kifuniko. Ungaunga laini wa kijivu ni kawaida. Kipande unachoweza kukishika kwa kucha si kawaida.

Gia ya pili niingize lini?

Injini ikipita kidogo kilele cha nguvu yake, si kwenye alama nyekundu. Kwa EJ20, injini ya lita 2 ya Subaru, ya turbo ya kiwandani, 6,500 hivi. Inua mguu wa mafuta unapokanyaga klachi. Kubadili bila kuinua mafuta kuna wakati wake, na wakati huo si kwenye giaboksi ya gia tano.

Tufanyie wapi?

Mahali palipofungwa, kwa ruhusa ya mwenye eneo. Yadi kubwa ya kampuni siku ya Jumapili, kiwanja cha kuegesha malori kikiwa tupu, shamba la mtu unayemjua nje ya mji. Mita 150 zinatosha: unajifunza mita 20 za kwanza na zilizobaki ni za kusimama.

Barabara ya Kasapa hapana. Wanafunzi wa chuo kikuu wanatembea kandoni usiku na mchana. Barabara ya Luano hapana. Ya Likasi hapana kabisa: malori ya shaba yamejaa, na dereva wa lori lililobeba mzigo hawezi kukukwepa hata akitaka. Najua wapo wanaofanya saa nane usiku wakidhani barabara iko tupu. Saa hiyo kuna walinzi wanaorudi nyumbani kwa baiskeli zisizo na taa.

Mwenye hamu ya kuona kazi hii ikifanywa sawasawa avuke mpaka. Zambia ina mbio zake za magari ambazo zimewahi kuwamo kwenye Ubingwa wa Afrika, na jimbo lake la Copperbelt liko karibu nasi kuliko Kinshasa. Simama karibu na pale magari yanapoanzia, nyuma ya kamba. Usitazame vumbi. Sikiliza injini: utasikia sauti moja iliyoshikwa, haipandi wala haishuki, kisha inashuka nukta moja tu gari linapong'oka, na kupanda tena.

Mwanangu wa kike ana miaka 19 na anataka kujifunza hili. Nimruhusu?

Mama mmoja wa mtaa wa Kampemba aliniuliza hivi kwa ujumbe, nami nikamwambia amlete na gari lake mwenyewe, siyo langu, ili ajue klachi yake. Binti alikuja Jumapili na RAV4 fupi nyeupe. Hakujaribu kasi kwa saa nzima; aliinua mguu na kuurudisha, pua ya gari ikitikisika kila mara pale pale. Alipoondoka kwa 3,000 mara ya kwanza, mshale ulishuka hadi 2,600, ukasimama, ukapanda. Hakukuwa na harufu. Mama yake alikuwa kivulini, akauliza, "Amekwisha kuanza?"